Dawa ya Meno na Diski ya Ikombe

Watu wa Bondeni, hapa Kyela, wananijua kwa mambo mawili, diski na mdomo. Diski nimezikodisha na kuziuza miaka ishirini na mitatu, tangu enzi za kanda mpaka leo ambapo vijana wanakuja na flashi niwajazie filamu wakiwa wamesimama. Mdomo nimezaliwa nao. Marehemu mama, aliyekuja huku kutoka Pangani akiwa bi harusi, alisema nililia siku saba mfululizo na siku ya nane nikaanza kubishana.

Basi nikiwa na ujuzi wote huo, nisikieni nilivyoadhirika.

Ilikuwa Jumanne, saa nne na kitu asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika, barabara mbele ya duka langu ni tope tupu. Nilikuwa napanga diski ambazo hakuna anayezinunua tena, zile za filamu kumi ndani ya moja. Kwenye majalada yake nimebandika kibandiko chekundu kimeandikwa HD. Nilivichapisha vibandiko hivyo mwenyewe, miaka mingi iliyopita, kwa sababu niliona wenzangu wa Mbeya wanavyo na bidhaa zao zinatoka. HD ni nini hasa, hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza. Diski ikichoka, wakulima wa mpunga huichukua bure wakaitundike shambani ifukuze ndege. Huko ndiko HD zangu nyingi zilikoishia.

Akaingia mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, sketi imelowa mpaka magotini, kikapu mkononi. Akaamkia vizuri, akasimama.

"Wewe ndiye Mama Naila wa CD?"

"Ndiye. Kaa kwanza, mwanangu, umetoka mbali."

Alitoka Ikombe, kijiji cha kando ya ziwa. Alipanda mtumbwi alfajiri mpaka Matema, kisha basi mpaka Kyela. Jina lake Felista. Ndani ya kikapu mlikuwa na kitenge, ndani ya kitenge mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko kasha la plastiki la rangi ya buluu, na ndani ya kasha diski moja inayong'aa, haina hata alama ya kidole.

Akanieleza taratibu, mimi namkatiza, yeye anaendelea. Mama yake, Bi Naomi, ni mfinyanzi, na vyungu vyake vilikuwa vinatafutwa mpaka ng'ambo ya ziwa. Miaka kumi na mbili iliyopita alikuja mgeni, mama mmoja wa Kizungu, akakaa kwao siku nne na kamera yake, akampiga picha Bi Naomi anafinyanga tangu kuchimba udongo mpaka kuchoma. Mwaka uliofuata ikaja diski kupitia kwa mchungaji. Wakaipeleka kwa mtu wa Matema mwenye deki, ikakataa. Wakaijaribu kwenye harusi, ikakataa. Bi Naomi akaitia sandukuni, akasema mgeni ametutumia sahani tupu.

"Sasa mbona leo?" nikamwuliza.

"Mama alianguka mwaka jana. Kiharusi. Mkono wa kulia umekufa, na ulimi pia. Nilikuwa nimeolewa Ipinda, nikarudi kumuuguza. Udongo nimeushika mimi. Vyungu vyangu vinapasuka, Mama Naila. Nikichoma kumi, saba vinapasuka motoni. Vya mama vilikuwa havipasuki."

"Waulize wenzako. Ikombe nzima si wafinyanzi?"

Akanitazama kana kwamba nimemwambia aende sokoni bila nguo. Kwao, akasema, kila mwanamke ana mkono wa mama yake. Humwendei jirani ukamwambia nionyeshe. Na hata mama yako mwenyewe hakufundishi kwa maneno. Unakaa karibu naye, unatazama, siku moja mkono wako unajua.

"Na wewe hukukaa?"

"Nilikaa. Nilidhani nimeona."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, amefika kwa wenyewe. Nikatia diski kwenye deki yangu kubwa. Ikazunguka, ikakoroma, ikaandika kwamba hakuna diski. Nikaitoa, nikaipulizia, nikairudisha. Hakuna diski. Nikaitia kwenye deki ya pili, ile ninayoiamini kuliko ndugu zangu. Hakuna diski.

Hapo ndipo hasira ziliponipanda. Sikumkasirikia Felista, nilizikasirikia mashine, kuniumbua mbele ya mgeni aliyekuja kwa mtumbwi kunifuata. Nikafanya kile ambacho kila mtu wa CD Kyela hii hufanya diski ikigoma. Nikachukua dawa ya meno, nikaipaka upande unaong'aa, nikaanza kusugua na kipande cha jinzi. Na hata hilo sikulifanya vizuri. Sheria ni kusugua kutoka katikati kwenda nje, polepole. Mimi nikazungusha, kwa nguvu, huku nasema, "Utasoma tu, utasoma tu." Felista alikuwa ananiangalia kwa heshima, kama mtu aliye mbele ya daktari.

Nikaisuuza, nikaikausha, nikaitia. Hakuna diski.

Nikampigia binti yangu Naila. Yeye yuko Dar es Salaam, kazini kwenye televisheni, kazi yake ni hizo hizo picha. Nikamsomea maandishi madogo yaliyo kwenye kasha.

"Mama, hiyo ni Blu-ray," akasema. "Deki zako haziwezi kuisoma hata zikifa. DVD inasomwa kwa mwanga mwekundu, hiyo inataka mwanga wa buluu, mwembamba zaidi, kwa sababu maandishi yake yamebanana sana. Ndiyo maana inabeba picha kubwa. DVD zako picha ina mistari mia tano sabini na sita kwenda chini. Hiyo ina elfu moja na themanini. Hiyo ndiyo HD yenyewe, mama, siyo ile ya vibandiko vyako."

"Vibandiko vyangu vimekusomesha," nikamjibu. "Niambie pa kuipigia."

"Tafuta mwenye pleisteshen ile ya tatu. Inasoma. Lakini mama, nakujua. Usije ukaipaka dawa ya meno. DVD maandishi yako katikati ya plastiki, kama nyama ndani ya sambusa, ukikwangua juu hakuna kinachoharibika. Hiyo maandishi yake yapo juu juu kabisa, chini ya ngozi nyembamba. Ukisugua vibaya umeyaondoa. Hujapaka, eti?"

Felista alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, anakunja kitenge chake.

"Sijapaka," nikasema.

Naona aibu kuandika neno hilo mpaka sasa. Mtu mzima, mwenye wajukuu, nadanganya kwenye simu na povu la dawa ya meno bado liko kwenye kucha zangu. Nikafunga duka, nikamwambia Felista twende.

Kibanda cha geimu cha Ambwene kiko nyuma ya stendi. Ambwene ni mzee wa kanisa, mtu mpana, mpole, anayezungumza kama anayehesabu mayai. Ana mashine nne. Tatu zimeunganishwa na televisheni za chogo, zile nene za zamani, kwa sababu wateja huzipiga mateke timu zao zikifungwa. Ya nne iko kwenye televisheni bapa ya inchi arobaini na tatu, na hiyo anaifuta vumbi kila asubuhi kabla ya kunywa chai.

"Inasoma filamu?" akashangaa nilipomweleza. "Miaka minane ninayo, Mama Naila, sijawahi kujua. Mimi naweka mpira tu."

Kwenye televisheni kubwa madereva wawili wa bodaboda walikuwa wanacheza mpira, wamebakiza nusu saa, na hawakutaka kusikia habari za vyungu. Basi tukaanza kwenye chogo. Ambwene akaisukuma diski ndani. Mashine ikaimeza, kimya. Mimi nikasoma dua zote nilizofundishwa chuo cha Kurani.

Picha ikatokea.

Ilikuwa nyembamba, imebanwa juu na chini kwa mistari mipana myeusi, na madereva walikuwa wanapiga kelele, lakini ilikuwa picha. Mwanamke mnene, mikono mpaka viwiko imejaa udongo, anacheka na mtu asiyeonekana. Akafungua kinywa akasema jambo kwa Kikisi, lugha ya kwao.

Felista akashika mdomo wake. "Anaongea," akasema. "Mama anaongea."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Tangu mwaka jana hajaisikia sauti ya mama yake, na mimi nilikuwa nimeichukua sauti hiyo nikaisugua kwa jinzi. Nikatamani ardhi ipasuke.

Tukatazama. Bi Naomi akachimba, akaponda, akachagua mawe. Akaweka bonge la udongo juu ya kigae, akatia ngumi katikati, akaanza kupandisha ukuta, yeye mwenyewe akizunguka kinyumenyume kukizunguka chungu. Nyuma yake, karibu na mlango wa nyumba, kulikuwa na kitu cha njano.

"Ile ndoo?" nikauliza, ili niseme kitu.

"Labda ndoo," Felista akasema. Hakuwa anatazama huko. Alikuwa amesogea mbele kwenye benchi, macho kwenye vidole vya mama yake, na vidole vyake mwenyewe vinacheza magotini. Chungu kikapata mdomo. Bi Naomi akakigeuza, akakwangua kitako kwa kipande cha kibuyu. Felista akasema kwa sauti ndogo, "Hapa. Baada ya hapa ndipo ninapokosea." Bi Naomi akanyoosha mkono kuelekea kwenye bakuli la kokoto za kusugulia.

Picha ikakatika vipande vipande vya mraba. Ikasimama.

Ambwene akabonyeza, ikasogea kidogo, ikasimama. Akairudisha nyuma, ikaja vizuri, ikafika pale pale, ikasimama. Akairuka mbele, ikatokea moto tayari unawaka na vyungu ndani. Katikati hapo, dakika tatu hivi, hapakuwa na kitu.

"Televisheni hizi za chogo," nikasema haraka. "Haziwezi picha kubwa namna hii. Tungoje ile."

Ambwene akanitazama. Nadhani hata yeye alijua televisheni haina kosa. Lakini ni mtu mpole, akaenda kuwaomba madereva wafanye haraka.

Madereva wakamaliza, mmoja akatoka anatukana kipa. Ambwene akaihamisha mashine yetu, akauunganisha waya wa HDMI kwenye televisheni bapa, akaongeza sauti, akaanza upya.

Jamani. Nimeuza HD miaka kumi na zaidi, na siku ile ndiyo niliyoiona mara ya kwanza. Chembe za mchanga kwenye viganja vya Bi Naomi ungeweza kuzihesabu. Ungeona jasho linavyoanza juu ya mdomo wake, uzi uliotoka kwenye pindo la kanga, ziwa kule nyuma na kila wimbi likiwa na kivuli chake. Nilijua hapo kwamba watu wote walionunua kwangu diski zenye kibandiko chekundu niliwauzia jina.

Ikafika pale pale. Mkono ukaenda kwenye kokoto. Miraba. Ikasimama.

Hapakuwa na televisheni nyingine ya kusingizia. Ningeweza bado kusema mgeni alirekodi vibaya, au sanduku lilipata unyevu, na Felista angeamini, kwa kuwa alikuja akiniamini. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Nikayameza.

"Felista, ni mimi," nikasema. "Ile dawa ya meno. Diski hii haitakiwi kusuguliwa, na mimi sikuuliza kabla ya kusugua. Ilikuwa nzima ulipoileta. Nimekuharibia."

Felista alikuwa amesimama, amesogea mpaka uso wake uko karibu kabisa na kioo. Picha iliyosimama ilikuwa imeharibika upande mmoja tu, upande wa mikono. Upande wa mlango ulikuwa mzima, na hapakuwa na ndoo. Kulikuwa na msichana mwenye blauzi ya njano, ameketi kizingitini, mikono mashavuni.

"Huyu ni mimi," Felista akasema.

Ambwene akarudisha nyuma bila kuambiwa. Tukatazama tena toka mwanzo, na safari hii hakuna aliyetazama chungu. Msichana yule alikuwepo tangu udongo unapondwa. Akapanga nywele. Akashusha blauzi begani, akaipandisha. Akatabasamu. Muda wote macho yake yalikuwa yanatutazama sisi, yaani kamera. Chungu kilipokuwa kinapata mdomo, Bi Naomi akasema jambo bila kuinua kichwa, maneno mawili matatu tu. Kwenye chogo kelele za mpira zilikuwa zimeyafunika.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema, 'Felista, tazama huku.'"

Msichana wa blauzi ya njano hakugeuka. Chungu kikageuzwa, kibuyu kikakwangua, mkono ukaenda kwenye kokoto, na picha ikavunjika.

Nje mpiga debe alikuwa anaita watu wa Mbeya.

"Nilitaka nionekane vizuri," Felista akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikasema picha hii itafika Ulaya." Akapangusa uso kwa kitenge. "Usijilaumu sana, Mama Naila. Wewe umeniharibia dakika tatu. Mimi zilikuwa mbele yangu mchana kutwa."

Ningependa anitukane. Nina majibu ya matusi, tangu utotoni. Kwa hilo nililia tu, na Ambwene akaenda kuzima mashine ambazo hakuziwasha.

Akaomba diski yake. Akaitia kwenye kasha, kasha mfukoni, mfuko ndani ya kitenge. Nikamwambia nitampigia Naila, kuna watu Dar es Salaam labda wanaweza kuokoa zile dakika, nitagharamia mimi. Akatikisa kichwa.

"Mama yupo," akasema. "Mkono wa kushoto bado anauweza." Akamgeukia Ambwene, akamwambia, "Ndaga fijo," yaani asante sana, naye Ambwene akaitikia kwa kichwa. Nikamsindikiza mpaka kwenye basi la Matema.

Wiki tatu nilikaa na jambo hilo tumboni. Vibandiko vyekundu nilivibandua, kazi ya siku mbili, vimegoma kama kupe. Nikampigia Naila nikamwambia nilidanganya. Akacheka mpaka nikakata simu. Jumamosi ya tatu nikashindwa, nikapanda basi mpaka Matema, nikatembea hadi gulio la Lyulilo, ambako wanawake wa Ikombe hushusha vyungu vyao kutoka kwenye mitumbwi.

Nilimkuta ameketi kwenye mchanga, vyungu vinane mbele yake. Akaniona, akasogea nipate pa kukaa.

"Vinapasuka?" nikauliza hata kabla ya salamu. Mdomo wangu huo.

"Viwili kati ya kumi."

"Umemwuliza nani?"

"Sijauliza." Akanikunjulia mkono wake wa kulia, upande wa nyuma, ukiwa na udongo mkavu kwenye mikunjo. "Nilimtoa mama nje, nikamkalisha pale mlangoni, nikaanza kufinyanga mbele yake. Nilipokwisha kukwangua kitako nikachukua kokoto nisugue. Akanipiga kofi. Hapa."

"Bi Naomi?"

"Nikadhani mkono umemponyoka. Nikachukua kokoto tena, akanipiga tena. Nikakiweka chungu kivulini. Kesho yake nikachukua kokoto, akanipiga. Siku ya tatu, akanipiga. Siku tatu, Mama Naila, napigwa na mama yangu kama mtoto, na majirani wanaona. Siku ya nne nikashika kokoto, nikamtazama usoni. Akaniacha nisugue. Kumbe chungu kinataka kukauka kwanza, na kwenye picha ile mkono ulikuwa unaziondoa kokoto."

Nikachukua chungu kimoja, nikakigonga kwa kidole kama wanavyofanya wanunuzi, kikalia vizuri.

"Kwa mkono wa kushoto?" nikauliza.

"Wa kushoto. Unauma fijo," Felista akasema, na alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.